Spindo ya Kilowati 2.2 Si Yako, Bado

Wasee, tangu niweke ile video ya kibao cha kinyozi kikichongwa na CNC yangu, inboksi imejaa swali moja. Wanauliza vijana waliomaliza fomu foo juzi, wanauliza mafundi wa mbao, hata jamaa wa boda aliniuliza nikiwa nimekaa nyuma yake tukienda Lanet. "Niweke spindo gani?" Na karibu kila mtu anauliza akiwa na jibu lake mfukoni: "Naona ile ya kilowati 2.2 ya kupozwa na maji ndiyo moto, ama?"

Jibu langu ni hapana. Kwa mashini yako ya kwanza, kwa fremu ya kujiundia, kwa stima ya ploti, hiyo spindo si yako. Bado. Najua kuna watu watanivamia kwa komenti, na ni sawa, wakuje. Haya maoni niliyalipia kwa pesa, na pesa yenyewe haikuwa yangu.

Kwa wale wamefika hapa wakitafuta video za matatu: CNC ni mashini ya kukata inayofuata amri za kompyuta. Unachora kwa laptopu, mashini inatembeza biti kushoto, kulia, juu na chini, mpaka mchoro utokee kwa mbao, akriliki au alumini. Spindo ni ile mota ya mbele inayozungusha biti. Ndiyo inapiga kelele, ndiyo inaonekana kwa video, na ndiyo maana kila mtu anaianza nayo. Hapo ndipo tunapotea.

Pesa ya waru

Niliacha kampo mwaka wa pili. Sitaingia sana kwa hiyo stori, lakini kozi nilikuwa nimeichagua kwa sababu ya jina lake. Ilikuwa inasikika vizuri kwa harusi, mtu akiuliza "na huyu anasoma nini?" Darasani nilikuwa nachora mashini nyuma ya daftari.

Shosho wangu anaishi upande wa Molo na analima waru. Fees yangu ilikuwa inatoka kwa hayo magunia. Nilipomwambia nimeacha, alinyamaza karibu wiki mbili, hakuna simu. Halafu siku moja akapiga: "Hiyo mashini yako unasema, inakula pesa ngapi?" Akatuma elfu 60. Akaniambia hiyo ndiyo ilikuwa fees ya muhula ule, na kwamba waru hazitanituma shule mara mbili. Sijawahi kusahau hiyo.

Fremu nilikuwa nayo tayari. Niliichomelea kwa skweya tubu, kitanda cha sentimita 60 kwa 40, mikanda ya kuvuta, mota za hatua nne, na Arduino iliyo na programu ya GRBL. Ilikuwa inatembea. Ilikosa spindo tu. Mtu mwenye akili angenunua spindo ya elfu 7 na kubaki na elfu 53 za biti, mbao na kodi ya chumba. Mimi nikatumia elfu 45 kuagiza spindo ya 2.2, VFD yake, pampu na mipira ya maji. Kwa nini? Kwa sababu kila msee niliyekuwa namfuata mtandaoni alikuwa nayo, na video ya kufungua boksi ingepata views. Huo ndio ukweli.

Ilifika. Video nikaitoa, na views zikakuja kweli. Nikafunga waya, nikawasha. VFD ni kile kisanduku kinachochukua stima ya kawaida ya Hz 50 na kuigeuza kuwa ya fezi tatu yenye kasi unayotaka. Spindo za aina hii zimeundwa zipate volti zote zikifika Hz 400. Hesabu ni rahisi: Hz 400 mara 60 ni mizunguko 24,000 kwa dakika. Lakini VFD nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimesetiwa kwa mota za kawaida za Hz 50. Kama hujabadilisha ile namba inaitwa frikwensi ya msingi, kisanduku kinatuma volti zote kwa Hz 50. Kwa kasi ya chini hivyo, koili ya spindo haina uwezo wa kuzuia kitu, na ampia zinaingia kama maji ya mafuriko.

Nilisikia mlio kama wa nyuki amefungiwa kwa mkebe. Halafu harufu. Kama ushawahi kunusa vanishi ya koili ikiungua unaijua, haitoki kwa nguo. Dakika chache na elfu 45 zikawa chuma cha kuzuia mlango. Nilimpelekea fundi wa kuwaindi mota hapa mjini, akaifungua, akaiangalia, akanirudishia bila kuitisha hata shilingi. Karatasi ya maelezo ilikuwa ndani ya boksi muda wote. Kosa lilikuwa langu, na sitalisukumia mtu.

Lakini sikiza, hii si stori ya "soma maelezo kabla ya kuwasha" peke yake. Hata kama isingeungua, haikuwa ya mashini yangu. Ina karibu kilo tano. Nilipoifunga, ule mhimili wa Z ulikuwa unashuka wenyewe nikizima stima, na ukishika spindo kwa mkono ukaisukuma, fremu nzima ilikuwa inacheza. Nilikuwa nimefunga injini ya lori kwa baiskeli, halafu nikaita hiyo maendeleo.

Mashini yako inaweza kula ngapi?

Twende kwa namba kidogo. Usiogope, ni kuzidisha tu.

Biti ikizunguka, kila jino linang'oa kipande kidogo cha mbao. Kwa biti ya milimita 6 kwenye mbao, kipande cha karibu milimita 0.1 ni kizuri. Ukitaka kujua mashini itembee kasi gani, zidisha mizunguko kwa idadi ya meno kwa unene wa kipande. Mizunguko 18,000, meno 2, milimita 0.1: unapata milimita 3,600 kwa dakika. Yaani mita tatu na nusu kila dakika, biti ikiwa ndani ya mbao.

Mashini yangu ikipita 1,500 inaanza kutetemeka kama matatu kwa barabara ya murram. Nyingi za kujiundia ziko hapo hapo. Sasa tuseme unatembea 1,200 na spindo iko 24,000 na biti ya meno mawili, kwa sababu uliona msee wa Marekani akifanya hivyo. Kila jino linapata milimita 0.025. Hiyo si kukata, ni kusugua. Mbao inakuwa nyeusi, biti inapoteza makali, chumba kinanuka kama jiko la kuni, halafu unaandika inboksi kwangu kwamba spindo haina nguvu. Nguvu iko. Imekosa kazi.

Dawa ni kushuka mpaka mizunguko 12,000 na kuweka biti ya jino moja. 1,200 gawa kwa 12,000, unarudi 0.1. Mbao inatoka safi. Na hiyo mizunguko 12,000 hata ruta ndogo ya mkono inaifikisha.

Na nguvu je? Biti ya milimita 6, kina cha milimita 3, mwendo wa 1,200: kwa dakika unatoa kama sentimita 21 za ujazo za mbao. Kwa hesabu za kawaida za kukata mti mgumu, hiyo inataka takriban wati 100 pale kwenye biti. Mia moja. Wewe unataka kununua 2,200. Wati zingine 2,100 unazibeba za nini, na hiyo fremu yako?

Kuna kitu kingine wauzaji hawapendi kusema. Hiyo 2.2 inapatikana ikiwa 24,000 peke yake. Spindo ya VFD ikishuka mpaka 12,000, nguvu inashuka nayo karibu nusu. Ikishuka 6,000 umebaki na robo. Kwa hivyo yule anayesema "nitanunua kubwa halafu niizungushe polepole nikate chuma" atashangaa.

Anza kwa biti, mota iwe ya mwisho

Maoni yangu ni haya: mota ichaguliwe mwisho. Anza na kazi yenye utalipwa, halafu urudi nyuma.

Kazi kwanza. Hapa Nakuru nalipwa na nani? Vinyozi, vibanda vya nyama choma, makanisa yanayotaka maandishi kwa mimbari, shule zinazotaka ngao za siku ya michezo, mafundi wanaotaka maua kwa mlango wa saipresi. Zote ni mbao, MDF na akriliki, biti ya milimita 3 au 6. Hizo biti zinashikwa na koleti. Koleti ya ER11 inashika mpaka milimita 7. ER16 inafika 10, ER20 inafika 13. Kama hujawahi kununua biti ya milimita 12, na bei yake itakufanya usinunue, ER20 inakusaidia nini?

Fremu ya pili. Sukuma pua ya mashini yako kwa kidole. Ikicheza, usiongeze uzito, ongeza vyuma. Elfu 10 ya reli nzuri na bamba nene la kushikia itakupa kazi safi kuliko elfu 45 ya mota. Huu ndio ushauri watu hawataki, kwa sababu bamba la chuma haliwezi kutengeneza video.

Stima ya tatu, na hapa wengi hawafikirii kabisa. Keja zetu zina fezi moja, volti 240, na ile plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13. VFD nyingi za 2.2 za kutumia fezi moja zimeandikwa ampia 20 na zaidi upande wa kuingia zikibebeshwa mzigo wote. Kwa hivyo usiichomeke kwa soketi ya ukutani kando ya birika. Inataka laini yake na brekari yake kutoka kwa boksi, na fundi wa stima mwenye leseni. Kwa ploti? Nenda umwambie keateka unataka kupasua ukuta uone. Ya wati 800 inatosha kwa soketi ya kawaida. Na tuko kaunti yenye Olkaria, inatoa stima ya mvuke tangu 1981, lakini stima bado hupotea katikati ya kazi. Ruta nyingi za bei ya chini zina swichi inayokaa pale uliiacha, kwa hivyo stima ikirudi, inaanza kuzunguka yenyewe wakati mkono wako uko ndani unatafuta biti. Weka swichi ya usalama inayojizima stima ikipotea. Vidole havina spea.

Hewa ya nne. Hii nilisoma nikafurahi, kwa sababu ni yetu kabisa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na hewa nyepesi inapoza kidogo kuliko ya Mombasa. Mota na VFD nyingi zinahesabiwa nguvu yake mpaka mita 1,000 tu. Kanuni ya kawaida ya VFD ni kupunguza asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazozidi hapo. Kwa hivyo namba iliyo kwa boksi, toa kama asilimia 8 ukiwa hapa. Ukiwa Molo au Mau Narok, toa zaidi. Si kitu ya kukukosesha usingizi, lakini inakuonyesha kwamba hiyo namba iliandikwa na mtu hajui unaishi wapi.

Na vumbi. Wanasema jina Nakuru lilitoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Januari upepo ukipiga utakubali. Spindo ya kupozwa na hewa inavuta hiyo pamoja na unga wa MDF. Ya kupozwa na maji haivuti vumbi, hapo nawapa pointi. Lakini inataka ndoo, pampu, na maji yasiyo na chumvi. Maji ya borehole ya huku Bonde la Ufa tunayajua, meno yetu ni ushahidi. Ukiyaweka ndani ya spindo yataacha magadi kwa vijia vyembamba. Tumia maji safi kama yale ya betri, ama kulanti ya gari. Na pampu ikizima bila wewe kujua, spindo inapika yenyewe.

Spea ya tano. Siku itaharibika, na itaharibika, nani ataitengeneza? Ruta ya mkono inakula brashi za kaboni, na brashi utapata kwa duka la vifaa mjini. Beringi zake ni za kawaida. Spindo ya VFD ina beringi maalum za kasi kubwa zinazopangwa kwa jozi, na ukizigonga na nyundo wakati wa kuziweka, umemaliza stori. Kuagiza ni kungoja wiki kadhaa, halafu ushuru, halafu VAT ya asilimia 16. Wakati unangoja, mteja ameenda kwa mwenye rangi na brashi, na kibao chake kimeshapakwa.

Basi ninunue nini?

Kama ni mashini ya kwanza, nunua ruta ndogo ya mkono. Ya mbao, si ya WiFi. Ile inapunguza kasi kwa gurudumu, ya wati 700 hivi. Inayojulikana sana duniani kwa hii kazi ni Makita RT0700C: wati 710, mizunguko 10,000 mpaka 30,000. Kuna nyingi zinazofanana nayo za bei ya chini, zingine nzuri, zingine kelele tu. Mimi nilinunua ya mtumba kwa 6,500, na ndiyo ilichonga kile kibao cha kinyozi mlichokipenda. Kabla ya kulipa, zima, shika shimo la koleti, utikise. Ikicheza, rudisha. Halafu weka biti ndefu, izungushe kwa mkono, uangalie ncha. Ikiyumba kwa macho, rudisha. Mota isiyoyumba ya wati 500 itakata vizuri kuliko inayoyumba ya 2,000.

Sitawadanganya, ruta ina ubaya wake. Inapiga kelele mbaya sana. Jirani yangu ana mtoto mchanga, na tumekubaliana naye saa: asubuhi saa nne mpaka saa saba, halafu saa nane mpaka kumi na moja. Nikivunja, mama mtoto hubisha mlango na ana haki. Haishuki chini ya 10,000, kwa hivyo kwa plastiki laini inaweza kuyeyusha usipotumia biti ya jino moja. Brashi zinaisha. Na haikuundwa kuzunguka saa nane mfululizo.

Zile mota ndogo za DC za wati 300 au 500, za mizunguko 12,000, ni kimya na nyepesi, zinafaa kuandika majina na kuchora bodi za umeme. Lakini kwa mlango wa saipresi utazeeka ukingoja.

Ukishakuwa na wateja wa kila wiki na kelele imekuchosha, ruka kwa spindo ya VFD ya wati 800, ile ya kipenyo cha milimita 65, ER11. Kimya, haina brashi, inaingia kwa soketi, na uzito wake fremu inaweza kuubeba. Kwa wengi wenu hiyo ndiyo mwisho wa safari, na si mwisho mbaya.

"Lakini nitakua"

Hii ndiyo hoja kubwa napewa. "Si nunue kubwa sasa nisinunue mara mbili?" Naielewa. Nyumbani tulinunuliwa viatu vya kukulia, vidole vikiogelea ndani mpaka darasa la saba. Lakini kiatu kikubwa hakiharibu mguu kama spindo kubwa inavyoharibu fremu. Na ukweli ni kwamba wengi hawakui, kwa sababu pesa yote iliisha kwa mota na hakuna ya biti. Nimeona mashini tatu hapa mjini zimefunikwa na shuka. Zote tatu zina spindo kubwa. Hakuna hata moja ina mteja.

Hoja ya pili: "Unaturudisha nyuma, kwani sisi ni watu wa vitu vidogo?" Hii inaniuma kidogo, kwa sababu naelewa inatoka wapi. Tumechoka kuambiwa tuanze chini. Lakini kuna tofauti ya kuanza chini na kuanza pale kazi iko. Wazee wa jua kali hawakuanza na mashini za kiwanda. Walianza na nyundo, kipande cha reli na oda ya jiko moja. Oda ndiyo ilinunua mashini. Sisi tunataka mashini inunue oda.

Na kuna watu 2.2 ni yao, nisiwanyime. Kama fremu yako ni chuma kizito na skrubu za mpira badala ya mikanda, kama una laini yako ya stima, kama una oda ya milango kumi kwa mwezi na saa ni pesa, nunua, na ununue leo. Fundi wa Elburgon mwenye mbao nje ya mlango na karakana yenye fezi tatu, huyo simwambii kitu. Marufuku ya kukata miti ya misitu ya serikali ilianza 2018, na rais alipotangaza kuiondoa Julai 2023 alikuwa hapo Molo. Watu wa upande huo wanajua mbao na wanajua mashini. Lakini huyo ananunua kwa sababu kazi imemzidi. Wewe na mimi tunanunua kwa sababu video imetuzidi.

Kama ushanunua

Usiirudishe kwa hasira. Fanya haya kabla ya kuwasha. Moja, weka frikwensi ya msingi na ya juu kabisa ziwe 400, ama ile imeandikwa kwa mwili wa spindo yako, na uweke ampia zake pia. Mbili, funga kiwango cha chini, kama ni ya hewa isizunguke chini ya 8,000, kwa sababu feni yake iko kwa shafti hiyo hiyo. Tatu, pima kwa mita kama mwili wa spindo umeunganishwa na waya wa ardhi. Nyingi za bei ya chini zina pini ya nne kwa plagi ambayo ndani haijaunganishwa na kitu. Hiyo inaweza kukuua, na pia inaleta kelele za umeme zinazofanya Arduino isimame katikati ya kazi. Nne, tumia kebo yenye ngao ya waya. Tano, siku ya kwanza izungushe polepole bila mzigo, ipande kidogo kidogo, usikie beringi. Na vaa barakoa ukikata MDF, huo unga si wa kuvuta.

Mimi nimemrudishia shosho elfu 38 mpaka sasa, kidogo kidogo, kutoka kwa ruta ya elfu sita na mia tano. Zimebaki 22. Mwezi jana alikuja Nakuru kuona macho, akapitia kwa chumba changu. Akaangalia mashini ikiandika jina lake kwa kipande cha saipresi, akashika ruta ilipopoa, akauliza kama ni hiyo ndiyo nilinunua na pesa yake. Nikamwonyesha ile nyingine, iko chini ya mlango inauzuia usijifunge. Akaiangalia sana. Akasema ni nzito.

Ni nzito kweli, shosho. Wasee, kabla hujalipa, niandikie mambo matatu kwa komenti: unakata nini, fremu yako ikoje, na soketi yako iko wapi. Nitakujibu mota gani. Ukiniandikia kilowati kwanza, nitakuuliza tena hayo matatu.